Dada aliyenisomesha hanisikilizi, na sasa anasema nimemsahau

Anti shikamoo. Mi ni mdada wa miaka 29, naishi Mbeya maeneo ya Isyesye, nina mume na mtoto mmoja wa miaka 4, nauza mchele pale Mwanjelwa, wa Kyela na wa Mbarali, biashara siyo kubwa ila tunakula. Naomba unisomee yote maana huku nyumbani nikiongea hili naonekana namsema mtu aliyenilea.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Dada yangu mkubwa alikuwa fomu two, akaacha shule, akaanza kuuza nyanya na vitunguu Ilula pale barabarani, basi la Dar au la Mbeya likisimama anakimbilia dirishani na ndoo, mvua jua yuko hapo, na hela hiyo hiyo ya ndoo ndo ilininunulia sare na kunilipia ada hadi nikamaliza fomu four. Hilo sijasahau wala sitasahau, nataka uelewe hivo kabla sijaendelea.

Shida yangu ni maongezi. Dada ananipigia karibu kila jioni, anauliza mdogo wangu hujambo, mko salama, nami najibu salama tu dada, basi hapo ndo nimeshamaliza zamu yangu. Kuanzia hapo ni yeye, bei ya tenga la nyanya imeshuka, dalali kamzunguka, kesi ya kiwanja chake cha Kihesa imeahirishwa tena, wifi yake kamnunia kanisani, mgongo unamuuma. Nikichomekea langu nalo linakuwa lake. Nikisema mtoto ana homa toka jana anasema wewe una mtoto mmoja tu, mi nilikuwa nakubeba wewe mgongoni una homa na ndoo iko kichwani. Nikisema mwezi huu biashara ngumu anasema ngumu hujaiona wewe. Siku hizi naweka simu spika naosha vyombo, naitikia tu eeh, mm, kumbe, jamani, na yeye hata hajui.

Mwezi wa tatu nilikuwa na mimba ikatoka. Nikatoka hospitali, usiku nikampigia mwenyewe, nikamwambia dada mimba imetoka. Akanyamaza kidogo akasema pole mdogo wangu, ndo dunia, mi yangu ya 2011 ilitoka niko peke yangu, hakuna hata wa kunishika mkono, kesho yake nikarudi barabarani na ndoo maana shule walikuwa wanadai ada yako. Akaendelea na yake, akafika kwa mume wake wa kwanza, akafika kwenye kiwanja, mi nimelala nimeshika simu na mkono mwingine uko tumboni, hadi salio langu likakata. Hakupiga kuuliza kwanini imekatika. Jioni ya kesho yake alipiga kama kawaida na stori ikaanzia pale kwenye kiwanja.

Anti toka siku hiyo nimechoka. Nikawa sipokei, nasema niko bizi, nampigia mara moja kwa wiki kwa kujilazimisha. Sasa wiki iliyopita kaandika kwenye grupu la familia la wasap kwamba watoto wa siku hizi wakishashiba wanamsahau aliyewashikia ndoo. Hakutaja jina ila kila mtu anajua. Shangazi kaweka emoji ya kulia, binamu wawili wakaandika kweli kabisa dada. Mume wangu anasema blok, kwani mnakula kwake? Rafiki yangu wa sokoni kanitumia video inaelezea watu wanaoitwa manasisisti, yani watu wanaojiona wao tu, nimeangalia nikaona ni dada mtupu.

Nifanyeje Anti, nivumilie tu kama deni la ada, nimwambie ukweli, au nifate ushauri wa mume wangu? Na nikimwambia nianzie wapi, isije ikaonekana sina shukrani?

Mdogo mtu, Isyesye

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanzia kwenye mimba, maana umeiweka katikati ya barua, mistari michache, alafu ukarudi haraka kwenye simu na grupu. Ilikuwa ya miezi mingapi? Mumeo alikaa na wewe au kesho yake alirudi kazini? Huku kwetu mimba ikitoka mapema hakuna tanga, hakuna anayekuja kukaa na wewe sebuleni wala kukupikia uji, watu wanasema utapata mwingine na wanaondoka, mama anabaki na msiba ambao majirani hawaujui. Kama bado usiku unaamka unalia au huna hamu ya kitu, rudi kliniki ukaongee na nesi, mwambie na mumeo kwa maneno kabisa, usisubiri aone mwenyewe. Hilo halihusiani na dada, hata angekuwa msikilizaji mzuri kuliko wote bado ungelihitaji.

Sasa tuje kwa dada.

Mi siamini kwamba hakupendi. Asiyekupenda hapotezi vocha yake kila jioni. Ila kumpenda mtu ni jambo moja na kujua kuongea naye ni jambo jingine, na hilo la pili dada yako hakupata mahali pa kujifunzia. Mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Charles Derber alilieleza vizuri mwaka 1979, kwamba mtu akikuletea jambo lake una njia mbili za kumjibu, moja inaacha mazungumzo kwake, nyingine inayavuta yaje kwako. Nikisema leo nimechoka, ukaniuliza umechoka na nini, mzigo ulikuwa mwingi? umeniachia zamu yangu. Nikisema leo nimechoka ukasema hata mi, yani miguu hii we acha tu! umeichukua. Na anayeichukua mara nyingi hajioni kama kachukua kitu, kichwani kwake anaona anakuunga mkono, anakuonyesha hauko peke yako, ndo maana ukimwita mbinafsi anashangaa kweli kweli na wala haigizi.

Na kujiongelea kuna utamu wake. Kuna watafiti wawili wa chuo cha Harvard, Diana Tamir na Jason Mitchell, mwaka 2012 walipima ubongo wa watu wakati wanaongelea mawazo yao wenyewe wakakuta zinachangamka sehemu zile zile zinazochangamka mtu akipata chakula au hela, na wengine walikubali kukosa visenti kidogo ili mradi waulizwe maswali yanayowahusu wao na siyo yanayohusu wengine. Kwahiyo hiki kitu kiko kwa kila mtu, mimi, wewe, mchungaji, dalali wa nyanya. Tofauti ni kwamba wengine tulikaa na watu waliotufundisha kujizuia, mtu mzima akakuambia subiri mwenzako amalize, muulize na yeye. Dada yako kwenye umri wa kufundishwa hayo alikuwa anakimbiza mabasi, na pale dirishani ukisubiri mwenzako amalize kuongea abiria kashanunua kwake na basi limeondoka.

Hiyo ya nasisisti naomba uiache. Najua inasambaa sana mtandaoni siku hizi na inampa mtu nafuu ya haraka, unaona aha, kumbe ana jina. Ila huo ni ugonjwa wa hulka ambao daktari wa akili au mwanasaikolojia ndo anaupima, mwongozo wao una dalili 9 na mtu anatakiwa awe nazo angalau 5, za kudumu, zinazomharibia maisha sehemu nyingi, siyo kwenye simu za jioni tu. Mtu anayejiongelea sana hajawa mgonjwa kwa hilo. Alafu ukishampa mtu jina la ugonjwa unaacha kumwambia unachotaka kutoka kwake, unabaki unamwangalia tu kila akifungua mdomo kwamba eh, ndo hiyo tena.

Nataka turudi kwenye simu ya ile usiku, maana nimeisoma mara nyingi. Dada alisema mi yangu ya 2011 ilitoka niko peke yangu. Wewe ulikuwa unajua? Barua yako haisemi, mi nahisi ndo ulikuwa unasikia mara ya kwanza. Mwaka 2011 ulikuwa sekondari, mtoto wa miaka 15 hivi, haikuwa kazi yako kujua. Lakini ina maana huyu dada alipoteza mimba, akaamka kesho yake akabeba ndoo kwa ajili ya ada yako, na miaka yote hiyo hajamwambia mtu, akaja kukitoa siku ambayo wewe ndo ulikuwa na cha kutoa. Alichagua siku mbaya kabisa, na ulichohitaji wewe usiku ule ilikuwa swali moja tu, unaumwa wapi, uko na nani hapo. Hakukupa, una haki ya kuumia, na sikuambii ujifanye hujaumia. Ila sidhani kama alikuwa anashindana na wewe nani kaumia zaidi, nadhani msiba wako uliufungua wake akashindwa kuufunga. Mwe! mlikuwa wafiwa wawili kwenye laini moja ya simu na hakuna aliyepata wa kumpa pole.

Mtu anayerudia stori zile zile, ndoo, ada, kukubebea mgongoni, mara nyingi anarudia kwa sababu anaona hazijamfika mtu bado. Anapata eeh, mm, kumbe. Nisikilize vizuri hapa mwanangu, zile eeh zako za kwenye vyombo zinamdanganya. Yeye anazisikia kama mdogo wangu ananifurahia, naongea naye vizuri, basi anaongeza. Ungeuliza swali moja la ukweli juu ya alichosema, labda stori ingekuwa fupi. Mwaka 2017 kuna watafiti wengine wa Harvard waliangalia watu wanaoongea kwa mara ya kwanza wakakuta wanaouliza maswali ya kufuatilia kile mwenzao alichosema muda huo huo ndo wanaopendwa zaidi. Mtu anataka kuona kauli yake imeshika mahali.

Na hii salama tu dada yako nayo tuiangalie. Sikulaumu, wote tumelelewa hivo, ukienda Iringa vijijini mtu atakwambia kamwene, atakuuliza za nyumbani, watoto, shamba, mifugo, na yote utajibu njema hata kama mahindi yamekauka, salamu ni heshima na siyo mahali pa kumwagia matatizo. Ila salamu ikishaisha mwenye jambo ndo anatakiwa aliseme, na wewe ukishasema salama unanyamaza unasubiri uulizwe mara ya pili, na dada yako siyo mtu wa kuuliza mara ya pili. Kiswahili kinakupa njia nzuri tu hapa. Sema salama kiasi. Ukisema salama kiasi hata mtu mgumu anajikuta anauliza kiasi kwanini, vipi tena. Asipouliza unasema mwenyewe, salama ila nina jambo dada, nianze mimi leo alafu tuje kwako. Litamshangaza mara ya kwanza. Akivuta stori kwake katikati, na atavuta, unamwambia bila hasira dada subiri sijafika mwisho, nikimaliza utanieleza ya kiwanja. Kwa sauti ile ile unayomwambia mteja ngoja nimalizie kupima huyu. Hiyo siyo kumkosea adabu mkubwa, kumkosea adabu ni kumweka spika kwenye karai la vyombo na kumwitikia uongo.

Blok ya mumeo siikubali. Namwelewa, anaona mke wake anaumia na anataka kukata kinachoumiza, lakini kesho kuna msiba wa shangazi, kuna harusi, kuna siku mtoto wako atamtafuta mama mkubwa, na utakuwa umekatiza undugu na mtu ambaye hajawahi kuambiwa kosa lake hata siku moja. Kuvumilia kama deni la ada nako sikukubali. Deni hilo unalilipa kwa kumtunza, kumtumia kitu, kumpeleka hospitali na huo mgongo, kumkumbuka akikwama. Halilipwi kwa kukaa kimya kila jioni, na ukiendelea hivo utamchukia, sasaivi tu umeshaanza kutopokea simu.

Kwahiyo mwambie, na umwambie uso kwa uso. Usiku kwenye simu amechoka wewe umechoka na salio linakata. Nenda Ilula. Najua ni safari ndefu na nauli ni hela na duka litafungwa, ila hili jambo lina uzito wa nauli. Fika asubuhi, msaidie kupanga nyanya au kupika, msikae tu mnaangaliana kama mko baraza la usuluhishi, watu wetu wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

Anzia na yake. Mwambie dada ile usiku ulisema mimba yako ya 2011, nilikuwa sijui, ilikuwaje? Alafu nyamaza. Usioshe kitu, usishike simu, muache aongee hata saa zima, muulize alikuwa na nani, muulize alimwambia nani, muulize alirudije barabarani ile kesho yake. Na mshukuru kwa jambo moja ulilosikia siku hiyo hiyo, siyo asante kwa yote ulonifanyia ambayo kaishaisikia kwenye kila harusi, sema kabisa dada ulirudi barabarani siku moja baada ya hilo kwa sababu yangu, na mi nilikuwa darasani sijui kitu, asante.

Ndo uje na yako. Umwambie sasa dada nataka unisikilize na mimi, usinipe ushauri wala usinisimulie ya kwako mpaka nimalize. Alafu umwambie siku moja tu. Usiseme wewe kila siku unajiongelea, kila siku ni neno ambalo hata angekuwa malaika angelipinga, angekutajia Jumatano moja aliyokuuliza habari za mtoto na kesi yako ingeishia hapo. Sema siku ile mimba imetoka nilikupigia kwa sababu wewe ndo mama niliyebaki naye, nilitaka uniulize naumwa wapi, tukaongea kiwanja, salio likakata na hukunipigia, nikalia hadi asubuhi. Ishia hapo hapo, usiweke ila wala lakini mbele yake.

Anaweza kulia. Anaweza kukasirika, akasema hela zangu zilikusomesha ili uje kunihukumu? Akisema hivo usimjibu kwa hesabu, mwambie sijakuhukumu dada, nimekuja kukuambia ninavyokuhitaji, na umwache. Mkubwa akiambiwa na mdogo wake lazima aumie kidogo, usipime kitu siku hiyo. Pima miezi inayofuata. Kama simu inayokuja atakuuliza hata swali moja kwa kulazimisha, hata akiuliza vibaya, ujue alisikia na anajaribu, msaidie, jibu kwa urefu, usirudi kwenye salama tu. Watu wengi wanaoonekana wabinafsi wako kundi hili, hawajui wafanyeje na wakiambiwa wanabadilika polepole, wanasahau, unawakumbusha.

Kuna wachache wanaojua na hawataki. Huyo ataitumia ada kama fimbo kila ukifungua mdomo, ataenda kuwasimulia mawifi machozi yako. Ukiona ndo hivo, punguza simu, ziwe Jumapili, ziwe fupi, mwambie dada nina dakika 15, na kwenye misiba na michango uendelee kufika kama kawaida. Maumivu yako upeleke kwa wengine wanaojua kuyapokea, huyo rafiki wa sokoni aliyekutumia video anaonekana anakujali, muombe akusikilize yeye kama yeye badala ya kukutumia video. Ila usianze na hitimisho hili, hujampa dada hata nafasi moja ya kujua.

Kuhusu grupu usijibu kitu, si kwa fumbo wala kwa emoji wala kwa kuweka picha ya ulichomtumia. Usimwite shangazi asuluhishe kwa sasa, ukishaita wazee inakuwa kesi na dada atakuja kujitetea, wakati hapa unataka aje kukusikia. Mpigie kesho asubuhi kabla hajaenda kwenye matenga, mwambie dada nimeona ulichoandika, nakuja Jumamosi. Akianza kueleza mwambie tutaongea nikifika. Na nenda peke yako, mtoto abaki na baba yake, maana akiwepo mtoto nyote wawili mtamuongelea yeye hadi basi la kurudi.